Kocha Aliyewakaribisha Wataalamu Bila Kumpoteza Mwanariadha: Kisa cha Kaptagat

Kisa ninachokichambua hapa ni cha Patrick Sang, kocha wa mbio ndefu wa Kaptagat, kambi iliyo karibu na Eldoret nchini Kenya, na watu wa fani nyingine waliokuja kumzunguka mwanariadha wake, Eliud Kipchoge, hadi asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 2019 jijini Vienna, Austria, alipomaliza kilomita 42.195, yaani marathoni nzima, chini ya saa mbili: saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zenyewe zimeshasimuliwa vya kutosha. Kinachonishughulisha mimi ni swali ambalo makocha wenzangu hulirudia kila tunapokutana: ukishamleta mtaalamu wa viungo, mtaalamu wa lishe, wakala na mtengeneza viatu, mwanariadha anabaki kuwa wa nani?

Wengi wetu hulijibu swali hilo kwa hofu. Kocha humficha kijana wake kama mtu anavyoficha shamba lenye mgogoro. Wakala akipiga simu, simu haipokelewi. Daktari akisema kijana apumzike wiki mbili, kocha huona amedharauliwa mbele ya kundi. Kijana naye hujifunza upesi kumpa kila mtu nusu ya ukweli: kocha haambiwi maumivu, daktari haambiwi mazoezi, wakala haambiwi lolote. Nimeona miguu mingi mizuri ikiharibikia katika nafasi hiyo, kati ya watu wazima wasiozungumza.

Sang hakuanza na timu. Alianza na karatasi. Mwaka 2001 hivi, kijana wa Kapsisiywa huko Nandi alimwendea na kumwomba programu ya mazoezi. Sang alikuwa jina kubwa: medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992, nyuma ya Mathew Birir na mbele ya William Mutwol, siku Kenya ilipozoa medali zote tatu. Alikuwa pia amesoma Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Akamwandikia kijana yule mazoezi ya wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, kijana akarudi kuomba mengine. Baadaye ndipo Sang alipokuja kujua huyu ni mtoto wa nani. Mama yake, mwalimu wa chekechea, alikuwa amemfundisha Sang mwenyewe.

Naitaja habari hii kwa sababu ushirika wote uliofuata ulisimama juu yake. Kipchoge alishika tabia ya kuandika kila zoezi daftarini, na ameendelea nayo kwa miaka mingi. Ana rundo la madaftari nyumbani. Kabla ya kompyuta ya mtu yeyote kufika Kaptagat, kulikuwa na kumbukumbu moja ya kuaminika kuhusu mwili ule, na aliyeishika kalamu alikuwa mkimbiaji mwenyewe. Mtaalamu yeyote aliyekuja baadaye alikuta mlango mmoja wa kuingilia. Hakulazimika kubahatisha, wala kuchagua amwamini nani.

Mwaka 2003 Kipchoge, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Akapata shaba Athens 2004 na fedha Beijing 2008. Kisha mambo yakaanza kwenda polepole. Mwaka 2012 alishika nafasi ya saba katika mchujo wa Kenya wa mita 5,000, akakosa tiketi ya Olimpiki ya London.

Hapo ndipo naona jaribio la kwanza la kweli la ushirika ule. Kocha aliyemlea mtu kwa miaka kumi uwanjani hapendi kusikia kwamba uwanja umekwisha. Lakini upande wa uwakala kulikuwa na Jos Hermens, Mholanzi aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya kukimbia saa moja katika miaka ya 1970, na ambaye alikuwa ameshamsindikiza Haile Gebrselassie kutoka uwanjani hadi barabarani, safari iliyozaa rekodi za dunia za marathoni jijini Berlin mwaka 2007 na 2008. Wakala huyu alileta kitu zaidi ya mikataba: njia hiyo alikuwa ameshaipita na mtu mwingine. Mwezi Septemba 2012 Kipchoge alikimbia nusu marathoni ya kwanza jijini Lille kwa dakika 59 na sekunde 25. Aprili 2013 alishinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, kwa saa 2:05:30.

Sasa tazama kilichofuata, maana ndicho kinachonishawishi kuliko medali zote. Wakala hula asilimia ya anachopata mwanariadha. Mkimbiaji wa kiwango kile akikimbia marathoni nne kwa mwaka, kila mtu anashiba mapema. Lakini hesabu: 2013, Hamburg na Berlin. 2014, Rotterdam na Chicago. 2015, London na Berlin. 2016, London na Olimpiki ya Rio. 2017, jaribio la Monza la kuvunja mpaka wa saa mbili, na Berlin. 2018, London na Berlin. 2019, London na Vienna. Miaka saba, marathoni mbili kila mwaka, hakuna ya tatu. Sijakaa katika vikao vyao, ila kalenda ya namna hiyo haitokei kwa bahati. Mtu wa fedha alikubali kuishi ndani ya mipaka ya mtu wa mazoezi. Ningeulizwa nionyeshe ushahidi mmoja tu wa ushirika mzuri, ningeonyesha kalenda hiyo na kunyamaza.

Mtaalamu wa viungo wa kambi, Peter Nduhiu, amekuwa na Kipchoge kwa zaidi ya muongo mmoja. Kazi yake haina picha nzuri: kuchua misuli, kupima ugumu wa nyonga, kugundua kwamba paja la kushoto leo halikukaa kama juzi. Mtu anayemgusa mkimbiaji mara kwa mara, wiki baada ya wiki, hujua mambo ambayo saa ya kocha haiyajui. Kocha huona mwendo. Yeye huona gharama ya mwendo. Wiki ya Kaptagat inajulikana: Jumanne uwanjani Eldoret, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi, na jumla inayoweza kupita kilomita 200 kwa wiki, yote hayo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400. Ratiba nzito kama hiyo haiwezi kuendeshwa salama na kocha ambaye hapati habari kutoka mezani pa mchuaji. Na mchuaji naye hana faida akisubiri hadi mtu avunjike ndipo aitwe. Sisi wengine huwaita watu hawa kama tunavyoita zimamoto.

Kuhusu chakula nitasema machache, ingawa hapa makocha wengi hugombana zaidi. Armand Bettonviel, mtaalamu wa lishe kutoka Uholanzi, hakuja kuondoa ugali mezani. Kambini wameendelea na ugali, mboga za majani, maharagwe, chai ya maziwa na mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Swali ambalo mtaalamu alifaa kulijibu lilikuwa jembamba zaidi: katika saa mbili za mbio, mwili upewe wanga kiasi gani, katika kinywaji gani, kila baada ya kilomita ngapi, na tumbo lizoezwe vipi kukipokea. Kampuni ya Maurten ya Sweden ilikuwa na kinywaji ambacho chupa yake ya nusu lita hubeba gramu 80 za wanga na kugeuka jeli tumboni, na Kipchoge akawa mtumiaji wake maarufu kuliko wote. Hilo ni swali ambalo kocha hakuwa na sababu ya kujidai analijua. Mtaalamu wa lishe anayekuja kijijini na kuanza kwa kudharau chungu cha watu hufukuzwa kabla ya kusema neno la maana. Nadhani wengi wetu tumeliona hilo.

Kwenye mbio za Berlin 2018, zile za rekodi ya dunia ya saa 2:01:39, chupa hizo zilikuwa mikononi mwa mfanyakazi wa kujitolea, Mjerumani anayeshiriki triathlon, aliyepewa kazi ya kumkabidhi Kipchoge vinywaji njiani. Alishangilia kila chupa iliyopokelewa kana kwamba yeye ndiye amevuka mstari. Watu walimpenda kwa shangwe zake. Mimi nilimtazama mkono: chupa imeshikwa juu, imeelekezwa sawasawa, naye anaendesha baiskeli kuwahi kituo kinachofuata. Kazi yote ya mtaalamu wa lishe kwa mwaka mzima ilitegemea mkono ule usiteleze. Ushirika wa kitaalamu huwa una mtu kama huyo mwishoni mwa mnyororo, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha.

Lakini Berlin hiyo hiyo, miaka mitatu kabla, mnyororo ulikatika. Septemba 2015 Kipchoge alikimbia na viatu ambavyo soli zake za ndani zilichomoka mapema. Picha zinaonyesha zikipepea pembeni ya vifundo vya miguu kama masikio. Alikimbia hivyo hadi mwisho, mguu ukachubuka na kutoka damu, akashinda kwa saa 2:04:00. Watu husimulia habari hiyo kama kisa cha ushujaa, na ushujaa upo. Kwa mchambuzi ni kisa cha mshirika aliyeshindwa siku ya kazi. Mtengeneza viatu ni mtu wa fani jirani kama wengine. Kosa lake humwangukia mkimbiaji, naye kocha huwa amesimama kando asiweze kufanya kitu. Jambo la kujifunza liko katika walichofanya baadaye: ushirika haukuvunjwa kwa hasira. Kipchoge alibaki na kampuni ile ile, Nike, na ndani ya miaka miwili walikuwa pamoja Monza.

Monza, Italia, tarehe 6 Mei 2017: saa 2, sekunde 25. Zilibaki sekunde 26 tu kuvunja mpaka wa saa mbili. Pale wanasayansi waliingia kwa wingi, akiwamo Andrew Jones wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, wakapima mapafu, joto la ngozi, uchumi wa mwendo, yaani nguvu ambazo mwili hutumia kwenda kasi fulani. Walikuwa na wakimbiaji watatu: Kipchoge, Lelisa Desisa wa Ethiopia na Zersenay Tadese wa Eritrea. Vipimo vilikuwa kwa wote, kinywaji kwa wote, viatu kwa wote. Aliyekaribia alikuwa mmoja. Sitaki kuvuta hitimisho kubwa kutokana na watu watatu, kwani Tadese alikuwa bingwa wa nusu marathoni aliyekuwa bado hajaipata marathoni yake, na kila mtu ana mwili wake. Naona tu kwamba sayansi iliongeza kitu juu ya kile kilichokuwapo, na kwa Kipchoge kilichokuwapo kilikuwa miaka kumi na sita ya Sang.

Vienna ilipanua ushirika hadi ukawa karibu kijiji. Mradi ulifadhiliwa na INEOS, kampuni iliyokuwa imechukua timu kubwa ya baiskeli mwaka huo huo, na Dave Brailsford wa timu hiyo akawa miongoni mwa waandaaji. Ujuzi wa baiskeli ukaja nao. Watu wa baiskeli wamehesabu upepo kwa miongo. Sisi wa mbio tulikuwa tunausemea tu. Robby Ketchell, mhandisi wa upepo, alipanga waweka kasi, wakimbiaji wanaomwongozea mwenzao kasi na kumkinga upepo, kwa umbo lililoonekana limegeuzwa: watano mbele ya Kipchoge wakitanda kama herufi V iliyofunguka kuelekea mbele, na wawili nyuma yake. Gari la umeme lilichora mistari ya leza barabarani kuonyesha kila mmoja asimame wapi. Barabara ya Hauptallee, ndani ya bustani ya Prater, ilichaguliwa kwa unyoofu wake na miti yake, na sehemu zake zikarekebishwa. Tarehe yenyewe iliachwa wazi ndani ya siku tisa, kati ya 12 na 20 Oktoba, ili hali ya hewa ndiyo iamue. Kasi ilikuwa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita.

Waweka kasi walikuwa 41, wakipokezana. Nasimama hapa kidogo. Ndugu watatu wa Ingebrigtsen kutoka Norway, Matthew Centrowitz na Paul Chelimo wa Marekani, Selemon Barega wa Ethiopia, Bernard Lagat akiwa na miaka 44: hawa wana makocha wao, mawakala wao, kalenda zao. Wengine walikuwa wametoka tu kwenye mashindano ya dunia ya Doha. Maana yake makocha kadhaa wa mataifa tofauti walikubali mwanariadha wao akafanye kazi katika mbio ambazo hazingempa medali wala rekodi. Kipchoge amezoea kusema kwamba asilimia mia yake si kitu mbele ya asilimia moja ya timu. Ukitazama picha ya mwisho, waweka kasi wakimfuata nyuma kwa furaha, unaamini alilimaanisha.

Siku kumi na mbili kabla ya asubuhi hiyo, tarehe 30 Septemba 2019, ushirika mwingine wa kocha na mtaalamu ulianguka. Shirika la Marekani la kupambana na dawa za kusisimua misuli lilitangaza kwamba Alberto Salazar, kocha wa mradi wa Nike huko Oregon na mshindi wa zamani wa marathoni ya New York, pamoja na daktari Jeffrey Brown, bingwa wa homoni wa Houston, wamefungiwa miaka minne kila mmoja. Makosa yaliyothibitishwa na wasuluhishi yalihusu testosteroni, dripu iliyozidi kipimo kilichoruhusiwa, na kuingilia uchunguzi. Salazar alikana na kukata rufaa. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaithibitisha adhabu mwaka 2021. Wanariadha wenyewe hawakushtakiwa katika kesi hiyo. Mradi ulifungwa Oktoba ile ile.

Naliweka hili kando ya Vienna kwa makusudi, kwa sababu kwa nje ushirika wote wawili unafanana: kocha hodari, fedha nyingi, sayansi ya karibu, kampuni ile ile ya viatu. Tofauti ninayoiona iko mahali pamoja. Daktari yule alikuwa akiwatibu wanariadha, na wakati huo huo alikuwa akitoa huduma za ushauri kwa mradi. Mgonjwa anapoketi mbele ya daktari wa namna hiyo, anaongea na nani? Na daktari anapoandika, anamwandikia nani? Kocha akishakuwa mteja wa daktari, hakuna tena mtu chumbani wa kumwambia kocha hapana. Watu hudhani ushirika huharibika kwa umbali. Huu uliharibika kwa ukaribu uliopita kiasi.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo wengi huitumia kukataa wataalamu. Mimi naisoma vingine: nahodha awe mmoja, lakini chombo kina mabaharia, na baharia asiyeweza kusema kuna mwamba mbele hana kazi melini. Sang alishika usukani. Mazoezi yalibaki yake, Monza hata Vienna. Mchuaji hakuandika programu, mtaalamu wa lishe hakuchagua mashindano, mhandisi wa upepo hakugusa Jumanne ya Eldoret.

Sitadai kwamba kocha wa shule ya sekondari Bomet au Mbulu anaweza kununua leza. Vienna ilikuwa ya fedha nyingi, na shirikisho la riadha la dunia halikuitambua kama rekodi, kwa haki, maana waweka kasi walipokezana na vinywaji vililetwa kwa baiskeli. Viatu navyo vilizusha mjadala mkali, na Januari 2020 shirikisho likaweka kikomo cha unene wa soli cha milimita 40, bamba moja tu ndani, na sharti la kuwa madukani miezi minne kabla. Ushirika ukizidi nguvu unaweza kuwaacha wengine nyuma isivyo haki, na ni sawa watu wa nje wakaukagua.

Lakini kilichoufanya usimame hakikuwa ghali. Daftari ni shilingi chache. Kwenye hospitali ya wilaya au ya kaunti yupo mtaalamu wa viungo, mara nyingi mmoja, anayeshinda na wazee wa kiharusi na majeruhi wa bodaboda. Ukimwendea msimu ukiwa mchanga, kabla hujawa na majeruhi, ukamwomba aje mara moja kwa mwezi awatazame watoto wakikimbia, atakushangaa kwanza, kisha atakuja. Mwalimu wa sayansi kimu anajua wanga kuliko wewe. Mzazi anajua mtoto analala saa ngapi. Waandikie wote katika daftari moja analolibeba mtoto mwenyewe, na umruhusu mtaalamu wa viungo aandike "apumzike" juu ya zoezi lako bila kukuomba ruhusa. Mstari huo ukikuuma, umefika kwenye kazi yenyewe.

Kambi ya Sang haikuishia kwa Kipchoge. Faith Kipyegon, aliyejifungua mwaka 2018 na kurudi uwanjani, alikuja chini ya kocha huyo huyo. Mwaka 2023, kati ya Juni na Julai, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Florence, ya mita 5,000 Paris na ya maili moja Monaco. Tarehe 26 Juni 2025 alisimama uwanja wa Charléty, Paris, akiwa na waweka kasi 13, mpangilio wa upepo, mavazi na viatu vilivyotengenezwa kwa ajili yake, kujaribu kukimbia maili chini ya dakika nne. Alitumia dakika 4 na sekunde 6 na kidogo. Siku tisa baadaye, Eugene, Marekani, katika mashindano ya kawaida, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3, sekunde 48 na nukta 68, rekodi mpya ya dunia.